Kamba ya Mita Hamsini

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Katesh nimevaa kandambili. Nilikuwa nimetoka Ujiji na viatu vizuri vya kufunga, ila kimoja kilipotelea kwenye basi kabla hatujafika Singida, na duka la kusimama kununua kingine halikuwepo. Mkuu wa shule, mtu mrefu asiyependa maneno, alisoma barua yangu, akaangalia miguu yangu, akairudia barua.

"Umeandikwa Jiografia na michezo."

"Ndiyo, Mkuu."

"Michezo gani?"

"Nafundisha yote. Ila mwenyewe ni mwogeleaji."

Akageukia dirishani. Nje kulikuwa na vumbi, mbuzi wawili na mlima Hanang. "Kuogelea," akasema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Haya. Stoo kuna mpira mmoja wa miguu. Unavuja, lakini ukiujaza asubuhi unafika mpaka saa nne."

Ndivyo nilivyopokelewa. Mimi si mtu wa kupamba, kwa hiyo niseme mapema kwa nini naandika. Nimestaafu, naishi hapa Katesh kwenye vyumba viwili vya kupanga, na walimu vijana wa michezo hunisimamisha sokoni wakiuliza jambo lile lile: "Madam, nina mtoto anaogelea vizuri. Klabu ya mjini inamtaka, na mimi namtaka kwenye timu ya shule. Nifanyeje?" Huwa nawajibu vizuri sana, habari za ratiba, mitihani na gharama. Halafu narudi nyumbani na aibu yangu, kwa sababu sijawahi kumwambia hata mmoja yaliyonipata mimi.

Katesh nilikaa miaka sita nikifundisha netiboli. Kisha nikahamishiwa Gitting, chini ya Mkuu wa shule mwanamke aliyeamini kwamba michezo ni njia ya wanafunzi kukwepa kulima shamba la shule. Baridi ya Gitting ilinifundisha kulala na soksi. Mchumba niliyemwacha Kigoma aliandika barua mbili, ya tatu ikaandikwa na dada yake kunijulisha kwamba ameoa. Sikulia sana. Niliijibu, nikampongeza, nikaendelea kusahihisha madaftari. Baada ya hapo niligombana na Afisa Elimu mmoja kuhusu posho za safari za wanafunzi, na kwa kunikomoa akanipeleka Basotu.

Maskini, hakujua anachofanya. Niliposhuka kwenye gari nikaliona ziwa, hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijaona maji ya kutosha mtu kuingia kwa karibu miaka kumi. Mkuu wa shule wa Basotu, mcheshi mwenye tumbo la kutangulia, alidhani nalilia kuletwa porini. "Pole, Madam, utazoea," akasema. Nikamwambia, "Mkuu, mimi hapa nimefika nyumbani. Nipe ruhusa ya kuogelesha watoto." Akacheka mpaka akashika meza. Alipoona sicheki, akanipa.

Kufundisha kuogelea bila bwawa kuna utaratibu wake, na vijana wa sasa mnaofundishia kwenye vigae mnisikilize. Kwanza unawauliza wavuvi viboko wanapenda upande gani, unakwenda upande mwingine. Pili unakubaliana na mganga wa zahanati, kila muhula watoto wameze dawa ya kichocho. Nguo zetu zilikuwa skintaiti na tisheti, hivyo mtoto alikuwa anaburuta kilo nzima ya kitambaa. Nilianza na kupiga miguu wakiwa wameshika dumu tupu la mafuta ya kula. Wakiweza, nawafundisha kupumua pembeni, maana mwanzoni kila mmoja anainua kichwa chote kama kasa. Mwisho ndiyo mtindo huru, yaani ule wa kulala kifudifudi na kutupa mikono kwa zamu, ambao ndio wa kasi kuliko yote.

Tatizo lilikuwa kupima. Ziwa halina ukuta wa kuanzia wala wa kumalizia. Muda bila umbali ni porojo, huwezi kumpelekea mtu ukasema mtoto wangu anakimbiza kutoka kwenye jiwe hadi kwenye matete. Niliomba shule ninunuliwe kamba ya plastiki, nikaambiwa bajeti ijayo, na bajeti ijayo nikaambiwa hivyo hivyo.

Aliyeniokoa ni mzazi mmoja, Mzee Gidamis, mfugaji. Alisikia mwalimu anahangaika na kamba, akachukua ngozi za ng'ombe, akazikata mikanda, akaisuka na kuipaka mafuta kwa majuma mawili. Kamba nzuri ajabu. Niliitandaza uwanjani, nikaipima kwa tepu ya riadha, nikaikata kwenye mita hamsini kamili. Tukaifunga madumu ya njano ielee, jiwe huku na jiwe kule, na hapo Basotu ikapata njia ya kuogelea. Kila mwanzo wa muhula niliitoa stoo nikaipima upya kabla ya kuiingiza majini. Mita hamsini, haipungui hata kiganja. Nilijiona mtaalamu.

Mzee Gidamis alikuwa na binti kidato cha pili, Paulina. Huyo hakujifunza kwangu, alijifunza akifukuza ndama walioingia ziwani. Alikuwa na miaka kumi na tano, mikono mirefu, maneno machache, na kwenye maji alikuwa anapita bila kelele. Nilipomwona mara ya kwanza nilisahau kubonyeza saa.

Nyumbani kwao kulikuwa mbali, hivyo baada ya mazoezi alikuwa anapitia kwangu anakunywa chai, kisha akaanza kula chakula cha jioni, kisha nikamtolea godoro siku za mvua. Alinizoea akawa ananitania. "Madam, wewe unapika wali wa mtaa mzima halafu tunakula wawili." Nikamwambia kwetu Ujiji hatujui kupika kidogo. Ukweli ni kwamba kabla yake nilikuwa napika wa mtu mmoja, tena nakula nimesimama. Miaka mingi nyumba yangu ilikuwa na sauti ya upepo tu, ule wa mashamba ya ngano, unavuma kutwa nzima bila kuleta mtu. Mtoto yule alipoingia nikaanza kununua vikombe viwili viwili. Nilimpenda, basi. Sioni sababu ya kuzungusha.

Sasa akaja kocha wa klabu moja ya kuogelea ya Arusha. Alikuwa amekuja kumtembelea ndugu yake kwenye mashamba, akapita ziwani jioni, akamkuta Paulina anaogelea. Alisimama mpaka akamaliza. Kisha akaniita pembeni.

"Dada, huyu unamfanyia nini?"

"Namwandaa kwa michezo ya shule za sekondari."

"Atashindana mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja. Tukivuka mkoa, mara mbili."

"Kwangu ni kila mwezi," akasema. Akanieleza: bwawa la mita ishirini na tano, mazoezi alfajiri na jioni, mama mlezi wa kukaa naye, uhamisho kwenda shule ya pale mjini, na klabu inalipa. Nafasi ilikuwa moja tu ya msichana kutoka nje. Sharti lao ni mita hamsini za mtindo huru chini ya sekunde thelathini na tatu. Na jibu alitaka kabla mwezi haujaisha. "Ila ukinisainia fomu, msimu huu shule haimgusi. Usajili ni mmoja."

Hapo ndipo ninyi vijana mnaponiulizia, shule au klabu. Timu ya shule ina mazuri yake, sitanii. Mtoto anabaki na masomo yake, wazazi wako karibu, anashindana akiwa na wenzake waliokula naye maharage. Ubaya wake ni kwamba michezo ya shule ni ya msimu, na msimu uko mikononi mwa watu wa ofisini. Klabu inamjenga mtoto mwaka mzima, lakini inamchukua. Anakuwa wa kwao. Mwalimu mwenye akili anaweka hayo mawili mezani, anaangalia mtoto, anaamua. Kumbe na mwalimu mwenyewe inabidi awekwe mezani aangaliwe, na hilo hakuna aliyenifundisha chuoni.

Mkuu wa shule alipopata habari aliacha ucheshi. "Madam, ukimtoa huyo mtoto, kombe tutalipata kwa kuimba kwaya?" Afisa Michezo wa wilaya nilimpigia simu, akajibu kiofisi: "Wanaosaini ni mzazi na mwalimu wa michezo. Mimi napiga mhuri tu." Nikaenda kwa mzazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo. "Huko mjini maji yao ni mazuri kuliko ya hapa?"

"Ni mazuri, mzee. Hata chini yana mistari."

"Na mtoto anataka?"

Paulina alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. "Nataka, baba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaka kitu kwa sauti.

"Tutampima," nikasema. "Akiufikia muda wao, aende. Asipoufikia, abaki kwangu." Nilikusudia kusema shuleni.

"Mimi najua ng'ombe, mwalimu. Maji unayajua wewe. Utakalosema ndilo hilo."

Tulipima siku ya Alhamisi, maji yametulia. Alitoka thelathini na tano na nukta mbili. Nikamrudisha mara tatu, hakushuka zaidi ya hapo. Alikaa kwenye nyasi akitetemeka. "Madam, nimemaliza nguvu zangu zote." Nikampigia kocha. "Zimezidi mbili," akasema, na nikasikia amesikitika. "Mpime tena Jumatatu. Kama bado, nafasi nampa mwingine."

Nami nilisikitika, wallahi. Lakini usiku ule nililala vizuri, na hilo nalo liandikwe.

Jumamosi mtumbwi ulipita ukakata ncha moja ya kamba. Nikaivuta nchi kavu niitengeneze, nikachukua tepu nijue kimepotea kipande cha urefu gani. Nilikuwa peke yangu. Nikapima, nikapata hamsini na nne na ushee. Nikafikiri nimekosea kusoma. Nikapima kutoka upande wa pili, ikawa ile ile, na hapo tayari ilikuwa imekatika kiganja kizima.

Ngozi ikilowa inavutika. Mfugaji yeyote anajua hilo. Ikikauka inarudi, ndiyo maana uwanjani kila muhula niliikuta hamsini safi. Mimi mtoto wa Ujiji nilijua maji, sikujua ngozi. Mzee Gidamis alijua ngozi, lakini hakujua kama kamba yake naitumia kupimia, alidhani ni ya watoto kushika wasizame. Miaka mitatu nilikuwa nawaogelesha watoto zaidi ya mita nne za bure na kuwakaripia kwamba wazembe.

Nikapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Mtoto aliyeogelea mita hamsini na nne na ushee kwa sekunde thelathini na tano na nukta mbili, mita hamsini anamaliza kwa thelathini na mbili na nukta tatu. Na hapo ana tisheti, na hana pa kujirushia. Paulina alikuwa amefuzu.

Nilitakiwa niinuke nikimbie nikamwambie. Nilikaa. Kichwani nilimwona akipanda basi na begi lake, nikajiona nimerudi kula nimesimama. Niliogopa. Nikajiambia mtoto mdogo huyu, mji utamharibu, mtihani wa kidato cha nne je, baba yake atamkosa. Sababu zote hizo ni za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nikaifunga ile ncha, nikairudisha kamba majini.

Jumatatu nikampima kwenye kamba ile ile. Alijitupa kama anafukuzwa. Thelathini na tano kamili.

"Bado, Madam?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa sketi yake. Kocha nikampigia mbele yake, asikie kwa masikio yake. Jioni alikuja kula kama kawaida, akaosha vyombo.

Sikiliza sasa unyama wenyewe. Juma lililofuata, nafasi ya klabu ikiwa imeshajaa, niliikata kamba ikiwa imelowa, ikawa mita hamsini za kweli, maana timu ya shule ilihitaji vipimo sahihi. Nikampima Paulina. Thelathini na mbili na kidogo. Aliruka, akanikumbatia na maji yote yale. "Madam, nimepunguza! Karibu sekunde tatu kwa wiki moja! Mpigie kocha!"

"Nafasi imeshachukuliwa, mwanangu."

"Haya," akasema. "Basi nitaogelea hizi hizi kwenye timu yetu. Mkuu atapata kombe lake."

Wiki tatu kabla ya mashindano, barua ikaja: kuogelea kumeondolewa kwenye ratiba ya mwaka huu, bwawa halikupatikana. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mpaka anamaliza kidato cha nne, Paulina hakushindana na mtu hata mara moja. Mkuu wa shule alikuja nyumbani kwangu kunipa pole, akasema angalau mtoto hatukumpoteza. Nikamkaribisha chai. Nilishindwa kumtazama.

Alisoma uuguzi, akaajiriwa huko Singida, akaolewa na mwalimu, akazaa. Mimi nilihudumu Basotu chini ya Wakuu wa shule wengine watatu. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na kitenge, wakasema nimelea vipaji. Nikahamia Katesh kwa sababu kuna soko na hospitali, na kwa sababu Ujiji hakuna tena anayenijua zaidi ya makaburi. Asubuhi nafagia. Mchana nasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Kuna siku naongea neno langu la kwanza saa kumi jioni, na ni kwa muuza nyanya. Ila Jumapili Paulina alikuwa ananipigia baada ya ibada, bila kukosa, tangu akiwa chuoni. Ananisimulia wodi, watoto, mumewe. Nusu saa nzima.

Miezi miwili iliyopita alikuja mwalimu kijana kutoka Mbulu, kanikuta na swali lile lile la klabu na shule. Nikaanza kumjibu habari za ratiba, katikati nikashindwa. Nikamwambia, "Nenda kampime mtoto wako na mtu mwingine, usimpime peke yako." Alidhani uzee. Jumapili Paulina alipopiga, sikumwacha aanze.

"Paulina, ile kamba ya baba yako ilikuwa inavutika ikilowa. Siku nilizokupima ulikuwa unaogelea mita hamsini na nne."

Nikasikia mtoto anamwomba kitu, naye akamwambia asubiri.

"Ulijua lini, Madam?"

"Jumamosi. Kabla sijakupima mara ya pili."

"Kabla?"

"Kabla."

 Akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kwa hiyo nilikuwa na ngapi?"

"Thelathini na mbili na nukta tatu."

Akairudia polepole. Kisha nikamsikia ametoa simu mdomoni, anamwita mumewe. "Baba Neema! Njoo usikie. Nilikuwa nimefuzu! Nilikuwa na thelathini na mbili nikiwa kidato cha pili!" Sauti yake ilikuwa ya furaha tupu, kama ya siku ile aliponikumbatia na maji. Mumewe akasema kitu, wakacheka wote wawili. Aliporudi kwenye simu hakuwa anacheka tena.

"Kwa nini, Madam?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Mji, mtihani, baba yake. "Niliogopa kubaki peke yangu," nikasema.

"Si ungeniambia tu," akasema. "Ningekuja likizo zote."

Akaniaga kwa heshima, akakata. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala nyingine yoyote tangu hapo. Namba yake ninayo na salio ninalo, lakini simpigii, kwa sababu safari hii kuchagua ni kwake.